Baiskeli Iliyotoka Mikumi

Kilosa,
4 Agosti 1974

Mdogo wangu Beda,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila jino lile la nyuma linaniamsha kabla ya majogoo. Mama naye anakusalimu. Ameshahamishwa. Shamba la mtoni limebaki na mihogo yake ardhini, na yeye yuko kijiji kipya cha Mkwajuni, mstari wa tatu, nyumba ya nne, kama mtoto wa shule aliyepangiwa dawati. Walipakia vitu vyake kwenye lori wakasahau mtungi na jogoo. Mama anasema mtungi si neno, lakini jogoo alikuwa na adabu kuliko hao waliokuja na lori.

Sasa jambo lenyewe. Mdogo wetu Sesilia ana mimba ya miezi minne na zaidi. Alikuja kwako Mikumi mwezi wa kwanza akupikie na ajifunze cherehani, amerudi mwezi wa sita na tumbo, na mwenye tumbo hamtaji. Nimemwuliza kwa upole na nimemwuliza kwa ukali. Anatazama ukuta.

Mimi ni mkunga, Beda, nakueleza ninachokijua. Ule mguu wake uliopooza utotoni umeivuta nyonga ikakaa upande. Nimempima kwa mikono yangu, njia ni nyembamba. Akikosa msaada wa haraka siku ya kujifungua, atakufa yeye, au mtoto, au wote wawili. Nilitaka aje akae nami mjini. Mama amekataa katakata. Anasema tumbo lisilo na mwenyewe halitembezwi mjini, litajifungulia nyumbani. Kutoka hapa hadi Mkwajuni ni maili kumi na moja, na lori la pamba hupita likijisikia. Nahitaji baiskeli. Nakutumia shilingi mia mbili kwa mkono wa Mathayo wa relini. Unashinda na mafundi, hukosi kuona iliyotumika, iliyo nzima, ya mtu wa kawaida.

Na tangu Mjomba Melkizedek afariki, wewe ndiye mwanamume wa kusimama katika nyumba yetu. Mtoto huyu atakuita mjomba. Mtafute huyo mtu. Nataka jina.

Dada yako,
Hildegarda


Mikumi,
22 Agosti 1974

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa stesheni siku tisa kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa msibani. Mimi sijambo. Huku vumbi jingi, na juzi tembo waliingia kambini wakaangusha choo, kwa bahati hapakuwa na mtu. Msalimie Mama, wasalimie wote wa Mkwajuni, mwambie Balozi Kornelio nyumba zake kumi nazisalimia zote, na usimsahau shangazi Bibiana na wanawe.

Kuhusu baiskeli, Mungu ameleta. Msimamizi wetu wa karakana anahamishwa Mbeya, hawezi kubeba kila kitu. Ana baiskeli ya mbio aliyoinunua kwa mzungu mmoja wa barabara. Siyo yale machuma mazito ya kubebea magunia, hii ukiishika kwa mkono mmoja inainuka. Ina gia tano. Matairi membamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Ni ya daraja la chini katika hizo za mbio, lakini fremu imenyooka. Fedha yako nairudisha yote. Mwenyewe hakutaka nyingi, na hicho kidogo nimekimaliza mimi. Ni zawadi yangu kwako.

Nataka ikukae vizuri kabla sijaituma, maana kiti kikiwa juu au chini magoti yatakufa. Naomba kipimo. Simama bila viatu, mgongo ukutani, upimwe kutoka pale miguu inapogawanyika hadi kwenye kisigino. Uniandikie inchi.

Lile jambo jingine nalifanyia uchunguzi. Hapa watu ni wengi, barabara inapita.

Mdogo wako,
Beda


Kilosa,
30 Agosti 1974

Beda,

Marahaba. Mama hajambo, jino langu limeng'olewa, na shangazi Bibiana amepata mjukuu.

Nimeisoma barua yako na nimechefukwa. Unamwandikia dada yako, aliyekubeba mgongoni, kwamba apimwe pale miguu inapogawanyika? Apimwe na nani? Na barua yenyewe haikuja kwangu moja kwa moja. Mathayo aliiacha Mkwajuni akijua ningekwenda Jumapili, Mama akamwita karani wa kijiji amsomee, karani akasoma kwa sauti ya hotuba mbele ya Balozi Kornelio na wanawake waliokuja kuazima kinu. Alipofika penye miguu aliendelea tu. Nilipowasili walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko. Mama hakucheka. Aliniuliza kama huko Mikumi mnaishi na watu au na nyani.

Kipimo hiki hapa, nimepimwa na Kondo fundi cherehani, kwa heshima, juu ya kanga: inchi thelathini na tisa. Jitosheleze na hicho.

Kwa zawadi asante. Sikutegemea, na nimewaambia watu hapa kliniki kwamba nina mdogo mwenye moyo. Nitajie jina la huyo msimamizi nimwandikie mwenyewe, mtu mwema haachwi bila shukrani.

Umewasalimu watu wa Mkwajuni hadi nyumba za Kornelio. Sesilia hukumsalimia. Alikuwa amekaa palepale mlangoni, anasikiliza.

Hildegarda


Mikumi,
19 Septemba 1974

Dada mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe kwa kile kipimo. Sisi mafundi tunasema hivyo bila kufikiri. Sikujua kwamba watu wa Mkwajuni wanasomewa barua kama gazeti.

Baiskeli inakuja kwa treni ya Kidatu, Jumatano, imefungwa magunia. Nimebadilisha nyaya zote za breki, nimeiwekea cheni mpya na mafuta, nimenyoosha spoku saba za gurudumu la nyuma. Kwa inchi thelathini na tisa chuma cha kiti hakikufika, ikabidi nikate bomba la maji nichomelee. Nilishangaa kidogo, dada, sikukumbuka kama miguu yako ni mirefu hivyo, lakini hatujaonana miaka mitatu, na nani ambishie mkunga kuhusu mwili wake mwenyewe.

Usibane breki ya mbele peke yake. Wasalimie wote. Hata Sesilia.

Beda


Kilosa,
6 Oktoba 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyumbani wazima. Mvua hakuna, Mama amepanda mbaazi kwenye vumbi kwa ukaidi wake.

Baiskeli imefika. Naomba nikueleze hasira yangu kwa utaratibu. Karani wa stesheni alipofungua gunia aliniuliza kama ni ya mtu au ya twiga. Kiti kilinifika kifuani! Nilikivuta chini, bomba lako limechomelewa limeganda. Nikaikokota hadi kwa fundi wa sokoni, akazunguka mara mbili, akauliza nani alipima. Akalikata bomba kwa msumeno mbele ya halaiki. Sasa nikuambie, na usicheke: Kondo alinipima kutoka kiunoni. Sikuwa tayari kupimwa kwingine, na sijutii.

Halafu huo usukani. Mtu anainama kama anayetafuta sindano chini, makalio yameelekea mbinguni, na mimi ni mtumishi wa serikali. Chuma cha kati ni cha kiume, kwa gauni hakivukiki, nimevaa suruali ya kaki ya marehemu Baba chini ya sare. Mgambo mmoja akanisimamisha sokoni, ati suruali kwa mwanamke ni utovu wa utamaduni. Nikamwambia anishikie baiskeli niivue suruali palepale. Akaniruhusu nipite.

Njia ya Mkwajuni ni mchanga na mbigili. Hayo matairi yako ni membamba kama uzi wa kushonea, nilipata pancha nne, na solesheni iliisha kwenye ya tatu. Nusu ya safari niliibeba mimi, haikunibeba. Nilifika nimetapakaa jasho na grisi, nanuka kama karakana yenu, na ilinitia kinyaa kumgusa mjamzito kwa mikono ile.

Sesilia alitoka kunipokea. Alipoiona baiskeli alisimama. Aliutazama ule usukani kwa muda, akarudi ndani, akafunga mlango hadi jioni. Nadhani ni aibu ya tumbo mbele za watu, maana kijiji kizima kilikuja kushangaa. Niliingia kwa mlango wa nyuma nikampima. Mtoto anacheza vizuri, lakini miguu ya Sesilia imeanza kujaa maji.

Hukunitajia jina la msimamizi. Wala la yule mwingine.

Hildegarda


Mikumi,
20 Oktoba 1974

Dada mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa mbigili. Nimeshughulika usiku na mchana kukurekebishia. Napeleka kwa Mathayo: rimu mbili za baiskeli ya kawaida, pana kidogo, zinapita kwenye fremu na kubakiza nafasi ya kidole, na matairi yake mazito. Usukani ulionyooka nimeutoa kwenye baiskeli iliyokufa. Jino kubwa la nyuma, lile duara linalovutwa na cheni, litakusaidia kwenye kile kilima kabla ya mto, utakipanda umekaa. Madigadi mawili, na karia imara ya nyuma, niliichomelea mwenyewe, inabeba mtu mzima bila wasiwasi. Fundi wa sokoni afunge kwa mchoro nilioweka.

Ikikusumbua tena niandikie haraka, kitu chochote nitatengeneza.

Beda


Kilosa,
24 Novemba 1974

Mdogo wangu Beda,

Marahaba. Mama anakusalimu, mbaazi zimeota, ameshinda.

Leo sina matusi. Sasa baiskeli ni baiskeli. Nakaa wima, nauona mto kabla sijafika, kile kilima nakipanda nimekaa kama ulivyosema. Juzi niliondoka kliniki pamoja na lori la pamba, nikalipita pale linapojaza maji, sikuliona tena. Saa moja na robo hadi mlangoni kwa Mama. Wanawake wa njiani wamezoea, wananiita Mama Gia. Nimefika kwa wazazi watatu wa vijiji vingine kwa wakati, mmoja mtoto alikuwa ameshatoa mkono. Bila baiskeli yule alikuwa marehemu.

Kila Jumapili nikifika namwambia Sesilia aipanguse vumbi. Kuinama na kuinuka ni zoezi zuri kwake. Anaipangusa huku anatazama pembeni. Wiki iliyopita alitapika hapohapo kwenye pedeli. Mimba ya miezi minane haitapiki hivyo, nikadhani homa, lakini paji lilikuwa baridi.

Siku zake ni katikati ya Desemba au baadaye kidogo. Njoo, Beda. Tukiwa wawili, wewe na mimi, Mama atalegea, tutamlaza kitandani tumlete mjini mapema. Peke yangu hanisikii, ananiambia mimi ni wa serikali. Wewe atakusikia. Sikuombi fedha wala spea. Nakuomba uje ukae pale siku nne.

Na kwa mara ya tatu nitajie huyo msimamizi, hata sasa akiwa Mbeya asante itamfikia. Namwombea kanisani bila jina, padri atadhani nina mchumba.

Hildegarda


Mikumi,
8 Desemba 1974

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana kwamba inakwenda vizuri. Kuja sitaweza. Kuna daraja linarekebishwa, hakuna ruhusa hadi mwaka mpya, na mimi sasa nimepandishwa kuwa mkuu wa zamu, nikiondoka watasema. Napeleka dinamo na taa, ukikutwa na giza njiani uone.

Mungu atamsaidia. Una mikono mizuri.

Beda


Kilosa,
27 Desemba 1974

Beda,

Sina salamu.

Balozi Kornelio alinifikia asubuhi ya tarehe kumi na nane, amekuja kwa miguu, viatu mkononi. Sesilia alikuwa na uchungu tangu juzi yake. Nilipanda baiskeli saa nne. Siwezi kukuambia nilivyokwenda. Kwa saa moja kasoro nilikuwa pale, na bado ninaona aibu kwamba kwenye mteremko wa mto, upepo ukinipiga, niliwashukuru wewe na huyo bwana kwa sauti.

Nilimkuta ameketishwa kwenye mkeka, Bibi Siwema na wakongwe wenzake wamemzunguka. Walikuwa hawajampa maji tangu jana yake. Unajua sababu. Mtoto akichelewa, wanasema jina la baba yake limemziba, mama alitaje atoke. Kwa hiyo wanakaa na kikombe cha maji mbele ya msichana midomo imepasuka, wanasubiri jina. Na Mama alikuwa kati yao. Niliwatukana wote, Beda, nilimtukana hata mama yangu mzazi. Nikakinyang'anya kikombe, nikamnywesha. Miaka kumi na miwili ninazalisha na sikuwahi kuona kitu cha kutia kinyaa namna ile, hadi wakati huo.

Nikampima. Kichwa kilikuwa kimekwama. Nikamwambia Sesilia, nina baiskeli nje, ina karia imara, tutakufunga kwa kanga mgongoni pangu, Kornelio atasukuma, tutafika hospitali mchana huu. Akasema, "Hiyo sipandi." Nikadhani ni uchungu unaongea. Nikamwambia utakufa. Akasema, "Nife. Siwezi kukalia kitu cha Lupakisyo."

Bibi Siwema akapiga vigelegele kwamba jina limetoka. Mimi nilimwuliza Sesilia, Lupakisyo ni nani.

Akaniambia polepole, maumivu yakimkata kila baada ya maneno machache. Msimamizi wa karakana. Alikuwa anakuja chumbani kwako ukiwa zamu. Mara ya kwanza Sesilia alipiga kelele. Alikuambia jioni ileile, ukamwambia atulie, utaongea na mwenyewe. Uliongea. Na mwezi wa nane, Mama aliposomewa ile barua yako ya miguu, watu wakicheka, yeye alisikia gia tano na pembe za kondoo akajua ni ipi. "Kaka ndiye aliyeipokea," akasema. "Wewe, dada, ukaileta hadi mlangoni."

Miezi mitano ninakuuliza majina mawili. Kumbe ni moja.

Hakupanda. Tulimlaza kitandani, wanaume wanane wakabeba, maili kumi na moja, mvua ikaanza tukiwa kilimani. Njia ambayo ningeimaliza kwa saa moja tulitumia saa sita. Nilitembea pembeni nimemshika mkono. Baiskeli niliiacha imelala uani kwa Mama na sikuitazama.

Daktari alimpasua jioni. Mtoto ni wa kike, yuko hai. Sesilia alipoteza damu nyingi, na kizazi kimetolewa. Ana miaka kumi na tisa. Hatazaa tena.

Ulirudisha fedha yangu. Nilikusifu kliniki nzima. Jumapili sita nimemsimamia msichana yule aipanguse! Najisikia uchafu ambao maji hayautoi, na wewe ndiye uliyenipaka. Jibu.

Hildegarda


Mikumi,
11 Januari 1975

Dada yangu,

Shikamoo, ingawa najua huitaki.

Nimeshindwa kula tangu barua ifike. Naomba unisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza zamani. Sesilia aliponiambia, nilimwendea Bwana Lupakisyo. Yeye ndiye anayeandika nani abaki kazini. Hakukana. Alisema anajua mila, wao kwao pia wana mila, na mtu aliyeharibu hutoa kitu kwa mwanamume wa nyumba ya msichana, mambo yakaisha bila mahakama. Mjomba Melkizedek hayupo, nikajua ni mimi. Sikujua nimwambie nani. Akatoa baiskeli, ndicho kitu cha thamani alichokuwa nacho. Nikaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Na hili la kuwa mkuu wa zamu aliliacha ameliandika kabla ya kuondoka. Nalo ni kweli, nalisema.

Baadaye barua yako ikafika unataka baiskeli kwa ajili ya Sesilia. Niliona kama Mungu amepanga. Nikafikiri, kilichotolewa kwa ajili yake kinarudi kwake, kinamsaidia, kwa hiyo kimesafishika. Kila spea niliyofunga nilikuwa namfungia yeye. Karia ile niliichomelea mara mbili nikifikiri labda atapanda. Sikuweza kuandika jina, mkono ulikuwa unakataa.

Nimepata ruhusa mwezi wa pili. Nijulishe siku ya kumtoa mtoto nje. Mimi ndiye mjomba, ndiye wa kumbeba. Nitamwomba Sesilia msamaha mbele ya watu wote, nitapiga magoti. Nipe nafasi hiyo moja tu, dada.

Na baiskeli usiiache mvuani, bomba la kiti litashika kutu.

Beda


Kilosa,
2 Februari 1975

Beda,

Nimesoma. Nilifika kwenye kutu nikaiweka chini, nikatoka nje kutema mate. Kisha nikarudi nikaimalizia.

Unaandika mila kama mtu aliyeisikia kupitia dirishani. Kitu hicho hupokelewa hadharani, msichana akiwepo, mama yake akiwepo, na mwenye kosa amekaa chini anatazamwa. Tena hupokelewa msichana akikubali. Wewe ulikipokea karakanani, mlango umefungwa. Na aliyekwisha kupokea amekwisha kusamehe, hilo ulilijua. Nilikwenda kwa wazee na jina la Lupakisyo, nikitaka tumfuate Mbeya. Wakaniuliza kama kuna kitu kilichopokelewa. Nikasema kipo. Wakaniuliza nani anakitumia. Nikasema mimi. Mzee mmoja akafunga daftari, wakaanza kuzungumzia mbaazi. Ndiyo kesi ya Sesilia ilivyokwisha, dakika ngapi sijui, uji wangu ulikuwa bado wa moto.

Baiskeli nimeipakia treni ya Ijumaa. Ipo stesheni ya Mikumi kwa jina lako, na dinamo yake, na bomba lake. Mama mmoja wa ng'ambo ya mto ana pacha, siku zake ni mwezi ujao. Nitakwenda kwa miguu, nimeshaanza kuhesabu niondoke saa ngapi. Hilo nalo niwekee kwenye hesabu yako na Mungu.

Sesilia anatembea kidogo kwa fimbo. Hajataja jina lako tangu siku ile, wala sijamwuliza kama anasamehe. Barua yako sikumsomea. Mtoto anaitwa Marselina. Ana sauti kubwa.

Siku ya kumtoa nje imepita, ilikuwa Jumapili iliyopita. Nilijua ungetaka kujua mapema, ndiyo maana sikukuandikia mapema. Watu walijaa uani, hata wa mistari mingine. Wakati ulipofika, Bibi Siwema akaita, kama inavyoitwa, mjomba aje ampokee mtoto. Hakuna aliyesogea. Akaita tena. Mama akatoka ndani na mtoto mikononi, amevaa ile kanga ya msiba wa Baba, akashuka mwenyewe uani, akamwinua Marselina juu watu wamwone.

Bibi Siwema akauliza, "Mjomba wake yuko wapi?"

Mama akasema, "Hana."

Pale walikuwepo watu zaidi ya sitini waliokujua tangu ukiwa unatambaa. Nilitazama nani atabisha. Hakubisha hata mmoja.

Hildegarda